Wingu la Nani?

Desemba 2017 nilikwenda Lulindi kumwona bibi yangu, mama yake mama. Nilikuwa na simu ya tachi niliyoinunua Kariakoo kwa hela ya kwanza niliyowahi kulipwa kwa kazi ya kalamu, na wewe msomaji kama umewahi kununua kitu kwa jasho lako unajua mtu anavyojidai nacho. Jioni moja tumekaa mkekani chini ya mkorosho, nikamwomba bibi anisimulie mambo ya zamani ili niyaweke kwenye simu. Kwanza alikataa. Halafu akakubali kwa masharti: hadithi sawa, vitendawili sawa, habari za watu sawa, lakini nyimbo za unyago nisahau, hizo si za masikio ya wanaume. Nikasema sawa bibi.

Tulirekodi jioni nne. Alisimulia jinsi mama yake alivyombeba mgongoni akiwa na homa kumpeleka kwa daktari Mzungu wa misheni, enzi hizo hospitali yenyewe ni ya miti, udongo na nyasi. Daktari huyo si wa hadithi. Ni Leader Stirling, aliyefika huku mwaka 1935 kufanya kazi katika misheni ya UMCA, akakaa Lulindi kiasi cha miaka kumi na minne, na baada ya uhuru akaja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Bibi aliimba pia nyimbo za kutwangia. Akatega vitendawili kwa Kimakua, vingine sikuvielewa hata chembe, nikamwambia endelea tu bibi, nitakuja kuvitafsiri baadaye. Hilo neno "baadaye" uliweke akilini, ndugu msomaji.

Siku ya kuondoka akaniuliza, "Haya mume wangu, hiyo sauti yangu umeitia wapi?"

"Iko kwenye wingu, bibi. Hata simu ikipotea, yenyewe ipo."

Akainua uso akatazama juu. Huku kwetu watu hawalitazami wingu kwa mapenzi, wanalitazama kama mdai anavyomtazama mdaiwa. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala na kuendelea, mvua ikinyesha ardhi inaimeza, na kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuchota maji na kuyapandisha kichwani. Bibi aliolewa huko juu miaka kadhaa kabla hajarudi Lulindi, mteremko ule aliujua kwa magoti yake. Akanigeukia.

"Wingu la nani?"

Nilicheka. Niliporudi Dar es Salaam nikalisimulia kijiweni kama kichekesho, washikaji wakacheka mbavu zikawauma. Bibi alifariki mwaka 2021. Sauti ile sina. Namna nilivyoipoteza nitaisema mbele, kwanza nataka nilijibu swali lake, maana nimekuja kugundua kwamba lilikuwa swali la kihistoria na lenye akili kuliko maswali mengi niliyoulizwa darasani.

Tuanze na jina lenyewe. Zamani mafundi wa mitandao ya simu na kompyuta walipochora michoro yao, ile sehemu ambayo hawakutaka kuieleza, yaani kila kilichoko kati ya mashine ya huku na mashine ya kule, waliifunika kwa alama ya wingu. Wingu maana yake ilikuwa: hapa usiniulize. Makampuni yalipoanza kuuza nafasi ndani ya sehemu hiyo, jina likabaki. Kwa hiyo bibi aliuliza palepale ambapo mchoro uliombwa ufichwe.

Sasa turudi nyuma, kwani habari ya sauti za watu wa Masasi na Newala kuhifadhiwa mahali wasipopaona haikuanza na simu yangu. Mwaka 1906 alifika huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinazimika huku kusini. Mwaka mmoja kabla, misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto. Weule alipita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na wapagazi, askari, kamera, na fonografu, kile kisanduku chenye tarumbeta kinachokata sauti juu ya silinda ya nta yenye ukubwa wa glasi ya maji. Masasi akamrekodi mwimbaji kipofu aitwaye Sulila. Alirekodi pia Wayao, Wamakua na Wamakonde wengine. Mimi najiuliza tu: mtu akiombwa kuimba na mgeni mwenye askari pembeni, mwaka mmoja baada ya vita kuanza, kuombwa huko kuna uzito gani? Lakini waliimba.

Silinda zile zikaenda Berlin, kwenye hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, inayoitwa Phonogramm-Archiv. Na hapa, ndugu zangu waandishi, nawaomba mtulie kidogo, maana mambo waliyoyafanya kule ndiyo mambo yaleyale wanayoyafanya watu wa wingu leo, tofauti ni vifaa. Nta ikichezwa mara nyingi inachakaa. Basi wakawa wanaitengenezea kalibu ya shaba, na kutoka kwenye kalibu wanamimina nakala mpya kila ikihitajika. Nta ya asili mara nyingi iliharibika katika kazi hiyo, lakini shaba ikabaki. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mikusanyo ikahamishwa kukwepa mabomu. Baada ya vita sehemu kubwa ikachukuliwa na Warusi hadi Leningrad, baadaye ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991, Ujerumani ikiwa imeungana, ikarudi kwenye nyumba yake. Mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza hazina hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Hebu fikiria. Nta, kitu kinachoyeyuka juani, imevuka vita mbili za dunia na ukuta wa Berlin. Bibi yangu, aliyeimba mwaka 2017 kwenye mashine ya kisasa kabisa, hakuvuka hata miaka minne. Nikiwaza hivyo hasira inanipanda, na sijui hata nimkasirikie nani. Weule hakutuomba ruhusa ya maana, lakini kulikuwa na jengo, kulikuwa na mtu mwenye funguo, na kulikuwa na bajeti ya kulipia shaba. Mimi nilikuwa na mapenzi yote, sikuwa na jengo.

Kwa nini hatukuwa na jengo? Hapa historia ya nchi yetu inachekesha kidogo na inauma kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500, kwa ajili ya hesabu za serikali. Hadi mwaka 1974 zilikuwa saba nchi nzima. Wakajaribu kuzihamishia hesabu za serikali kwenye mashine mpya kubwa zaidi, kazi ikaharibika vibaya, fedha zikapotea, na mwaka huohuo wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikiwa humohumo. Ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegea. Televisheni Bara tukaja kuiona mwaka 1994. Kuna wanaosema marufuku ile ilituchelewesha, na kuna wanaosema ilituokoa na madeni ya mashine ambazo hakuna aliyejua kuziendesha. Mimi siwezi kuwahukumu wazee wale kirahisi. Walikuwa wameuliza swali la bibi kwa lugha ya kiserikali: hizi mashine za nani, na zikiharibika tunamwita nani? Tatizo ni kwamba walijibu kwa kufunga mlango, na mlango ukifungwa mafundi hawazaliwi.

Intaneti ilipoingia miaka ya 1990 ilipita hewani. Ofisi na intanetikafe zilikuwa na madishi makubwa juu ya paa, barua pepe ya kijana wa Dar inapanda kwenye setilaiti, inateremkia Ulaya au Marekani, jibu linarudi njia hiyohiyo. Ilikuwa ghali na ilikuwa taratibu kama bibi harusi. Halafu Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na nchi kavu ukatandazwa Mkongo wa Taifa, ambao tawi lake la huku kusini limefika hadi Mtambaswala, mpakani na Msumbiji. Sasa ona kichekesho: wakati data zetu zilipokuwa zinapita juu angani kweli, hakuna aliyeliita jambo hilo wingu. Ziliposhushwa zikalazwa chini ya bahari, ndipo tukaanza kusema ziko winguni.

Wingu lenyewe lilizaliwa, kama biashara, mwaka 2006. Miaka mia moja kamili tangu Weule afungue kisanduku chake Masasi. Machi mwaka huo Amazon, ambao watu waliwajua kama wauza vitabu, walianza kukodisha ghala la data: unaweka vitu vyako kwao, unalipa kwa kadiri unavyoweka. Agosti wakaanza kukodisha na kompyuta zenyewe, kwa saa. Kwa Mtanzania hili si gumu kulielewa, ni LUKU tu: huna haja ya kununua mtambo wa umeme, unanunua uniti. Wazo lenyewe ni la zamani. Profesa mmoja wa Marekani, John McCarthy, alilisema hadharani mwaka 1961, kwamba ipo siku uwezo wa kompyuta utauzwa kama maji au simu.

Lakini jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni hili: ile huduma ya kukodisha kompyuta, wanayoiita EC2, ilijengwa kwa sehemu kubwa Afrika. Kikosi cha wahandisi chini ya Chris Pinkham kilifanya kazi hiyo Cape Town, Afrika Kusini. Wingu lilifumwa bara hili hili. Ila nyumba ya kulilaza ikajengwa kwingine. Amazon walifungua vituo vyao vya data hapo hapo Cape Town Aprili 2020, miaka kumi na minne baadaye. Microsoft walikuwa wamewatangulia Afrika Kusini mwaka 2019, Google wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Kenya, Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo kitakachotumia mvuke wa ardhini Olkaria, wa thamani ya dola bilioni moja. Kutangaza na kujenga ni mambo mawili, hilo sisi watu wa reli ya Nachingwea tunalijua; wazee wetu waliona Waingereza wakileta treni ya karanga na waliona mataruma yaking'olewa.

Na jengo lenyewe likoje? Wengi tunadhani ni kitu cha ajabu, kumbe ni ghala. Kweli kabisa, ghala. Banda refu lisilo na madirisha, uzio, walinzi, mbwa pengine. Ndani makabati ya chuma yamepangwa mistari, kila kabati limejaa kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinaitwa seva. Zinapiga kelele za feni mchana na usiku, zinatoa joto, kwa hiyo lazima zipozwe kwa viyoyozi na mara nyingine kwa maji mengi. Nje kuna jenereta za dizeli kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Kitu ulichohifadhi hakikai sehemu moja. Hukatwa vipande na kunakiliwa kwenye mashine kadhaa, majengo tofauti, ili moja likiungua jingine libaki. Ni kalibu ya shaba ileile ya Berlin.

Na vinakula umeme si mchezo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani. Ireland, nchi ndogo ambayo makampuni mengi yameweka maghala yao, mwaka 2023 vilikula asilimia 21 ya umeme wa nchi, kuliko nyumba zote za mijini kule. Nikisoma hivyo nawaza uwanda wetu usio na maji. Nasi tunacho kituo cha taifa cha data, kiko Kijitonyama, Dar es Salaam. Umeme wa Dar kwa miaka mingi ulitegemea gesi ya kusini, ya Songo Songo na ya Mnazi Bay. Mtakumbuka vurugu za Mtwara mwaka 2013, watu wakisema gesi haitoki. Ilitoka, bomba lilikamilika mwaka 2015. Kwa hiyo ukitaka kusema kweli, zile seva za Kijitonyama zilikuwa zinavuma kwa pumzi ya kwetu, na sisi tukihifadhi nyimbo zetu ng'ambo.

Neno ghala kwa mtu wa Lulindi si neno la kupita hivi hivi. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka magunia yako kwenye chama cha msingi, yanapimwa, yanapelekwa ghala kuu, unapewa karatasi. Karatasi inasema una korosho. Korosho huzioni tena. Unangoja mnada, unangoja malipo, na mwaka mwingine unangoja sana. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Tangu msimu wa 2024 mnada unaendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na bei za mwanzo wa msimu ule zilipita shilingi 4,000. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye shamba la familia, hajui seva ni nini, lakini anayajua maswali ya ghala kuliko mimi niliyesoma. Nani ana funguo? Panya wakila, hasara ya nani? Nikiichelewa siku ya kutoa, nitakuta mzigo wangu? Karatasi ikipotea, nani atanitambua kwa sura?

Mimi sikuuliza hata moja. Nilibonyeza "nakubali" kwenye kurasa ambazo sikuzisoma.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mkongo wa EASSy na wa SEACOM ilikatika yote miwili baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania tuliumia sana. Ubalozi wa Marekani Dar ulifunga huduma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Kikundi chetu cha waandishi, vijana kumi na mmoja tunaokutana Jumamosi Ilala, tulikuwa tunakamilisha kijitabu cha hadithi, na miswada yote iko winguni. Fundi mchapaji anangoja, sisi tunatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Mwenzetu mmoja tu, dada anayeandika kwa mkono kwenye kaunta buku, ndiye aliyekuwa na kazi yake mfukoni. Tulimcheka miaka yote. Siku hiyo alitununulia soda, na kila aliyepewa chupa alikumbushwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na safari hiyo hakuna waya uliokatika baharini. Njia ya kwenda ghalani ina mageti mengi kuliko tunavyodhani.

Hayo yote ni ya wote. Sasa yangu.

Novemba 2019 simu iliibwa Mbagala, kwenye kugombea daladala. Sikuhangaika, nilisema si ipo winguni. Laini nayo nikachelewa kuirudisha. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikafungwa, yangu ikiwamo, kosa langu mwenyewe, nikanunua namba mpya maisha yakaendelea. Bibi alipofariki ndipo nikataka kuisikia sauti yake. Paswedi nimesahau. Kampuni, ya ng'ambo, jina naliacha, ikasema haina neno, tunakutumia tarakimu sita kwenye namba yako kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Namba ipi? Ile ya zamani. Nikaandika kuomba msaada. Nikajibiwa na mashine, kwa upole mkubwa, maneno yaleyale mara tatu. Mashine ilinishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikasoma, safari hii kwa makini, masharti niliyoyakubali: akaunti ikikaa muda mrefu bila kufunguliwa inaweza kufutwa.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake na inagusa hata zinazopelekwa nje ya nchi. Ni sheria nzuri, nimeisoma. Lakini haki ya kuzipata inaanza kwa wewe kutambuliwa kuwa ndiwe, na mimi nilikuwa nimeshindwa palepale mlangoni. Ningekuwa namdai mtunza ghala wa Lulindi ningekwenda kukaa barazani kwake tangu alfajiri mpaka aone haya. Baraza la wingu liko wapi?

Mwaka jana rafiki yangu fundi simu akaniambia, kaka, namba zilizofungwa hazizikwi, huuzwa tena. Ipigie. Basi nikapiga namba yangu mwenyewe. Ikaita! Moyo ulinidunda kama nimempigia marehemu. Akapokea mama mmoja, kwa sauti ya sokoni, watu wanapiga kelele nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, hunifahamu. Hii namba zamani ilikuwa yangu. Nina shida ndogo tu, sasa hivi utaingia ujumbe wenye tarakimu sita, naomba unisomee, siyo jambo baya..."

Nilijisikia nikiongea na nikajua nimekwisha. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapigiwa na mtu wa namna hii. Mama akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwa huruma kabisa:

"Mwanangu, tafuta kazi ya halali."

Akakata. Nilipopiga tena wiki iliyofuata nilikuta kanifungia. Simlaumu, angenisomea zile tarakimu ningemwona mjinga.

Kwa hiyo jibu la swali la bibi, kwa kadiri nilivyoweza kulifuata, ni kwamba wingu ni la mwenye jengo, la anayelipia umeme, na la yule mama wa sokoni kwa kiasi fulani, maana tarakimu zinaingia kwake. Siku zile nilizokuwa na namba na paswedi lilikuwa langu kidogo. Silinda za Sulila zina nambari yake kwenye rafu Berlin. Faili la bibi kama bado lipo lina nambari yake pia kwenye banda fulani, feni zinalipoza, hakuna duniani anayejua kwamba ni yeye.

Wiki ijayo nakwenda Lulindi. Nimenunua kadi mbili za kuhifadhia sauti, moja itabaki kwa mjomba kwenye sanduku la karatasi za shamba, na kaunta buku kubwa, kurasa mia mbili. Mdogo wake bibi bado yuko hai na ana nguvu, nilimpigia juzi kumwomba. Anasema vitendawili vya dada yake anavikumbuka vyote. Majibu ndiyo yamempotea.